Mgeni Mombasa: Mwongozo Kamili wa Saa, Simu na Adabu kwa Msemaji wa Kiswahili

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mgeni ambaye tayari anazungumza Kiswahili: mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefuata mzigo wake bandarini, jamaa wa Goma au Bujumbura aliyealikwa harusini, kijana aliyezaliwa London ambaye anakuja kwa mara ya kwanza kuwaona nyanya zake. Mgeni asiyejua lugha akikosea adabu husamehewa papo hapo, kwa sababu kila mtu anaona kwamba hajui. Wewe hutasamehewa upesi namna hiyo. Kiswahili kikishakutoka safi kinywani, mwenyeji atachukulia kwamba na desturi unazijua, na ukiingia dukani mwake ukauliza bei kabla ya salamu ataona umemdharau. Nimepokea wageni wengi mjini hapa, wengine wa ukoo na wengine wa shughuli, na taabu nyingi nilizowaona wakizipata zilianzia kwenye saa, simu au salamu. Kwa hiyo nitayaeleza hayo kwa mpangilio ambao mgeni hukutana nayo.

Hatua ya kwanza: iweke saa yako sawa kabla hujaondoka kwenu

Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, sawa na Tanzania na Uganda. Burundi, Rwanda na majimbo ya mashariki ya Kongo yako nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili, na Oman iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na kwa saa mbili wakati wa joto, kwa kuwa Waingereza huzisogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatuzisogezi. Anayetoka Bujumbura akisahau kusogeza saa yake atachelewa kila mahali kwa saa nzima huku akijiona amewahi.

Hilo ni jepesi. Zito ni kwamba katika mji huu kuna hesabu mbili za saa zinazotumika kwa pamoja, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, na kwa hiyo saa mbili asubuhi ndiyo inayoandikwa 8:00. Tiketi ya treni, ya basi na ya ndege huandikwa kwa hesabu ya saa ishirini na nne, na tiketi yenye 22:00 ni ya saa nne usiku. Wako pia wafanyakazi wa ofisini waliozoea kufikiri kwa Kiingereza, ambao hulisema tarakimu la Kiingereza kwa neno la Kiswahili. Mgeni wangu mmoja aliambiwa kwa simu na karani wa ofisi fulani, «Njoo saa nane.» Alifika saa nane mchana, amepiga pasi shati lake na kubeba karatasi zake zote, akaelezwa kwamba aliyemngojea alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi na kwamba nafasi yake alishapewa mtu mwingine. Siku mbili zilipotea kwa neno moja.

Dawa yake ni kutaja sehemu ya siku kila mara na kuirudia kwa tarakimu: «Saa nane mchana, yaani kumi na nne kamili, sivyo?» Hakuna atakayekuona msumbufu kwa kuuliza hivyo.

Liko jambo jingine ambalo hata Waswahili vijana huteleza nalo. Kwa desturi ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Mzee akikualika maulidi «usiku wa Ijumaa» huenda anakusudia usiku ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi. Ukialikwa kwa shughuli ya usiku, uliza waziwazi: «Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jioni?» Nimewahi kumwona mtu mzima, amevaa kanzu mpya na kofia ya vito, amesimama mbele ya nyumba ambayo viti vilikuwa vimekwisha kukunjwa na masinia ya pilau yamekwisha kuoshwa tangu jana yake.

Hatua ya pili: simu na malipo

Laini ya simu nchini Kenya husajiliwa kwa jina la mtu, hivyo nenda kwenye duka la kampuni ya simu au kwa wakala wake ukiwa na pasipoti yako, usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mwingine hata ukiambiwa ni nafuu. Namba za simu za mkononi huanza kwa 07 au 01. Anayekupigia kutoka nje ya nchi ataitoa sifuri ya mwanzo na kuweka +254. Simu za mezani za Mombasa hutanguliwa na 041. Kwa dharura piga 999 au 112. Muda wa maongezi ambao Watanzania huuita vocha, huku huitwa kredo. Soketi zetu ni za umeme wa volti 240 na zinataka plagi ya pini tatu bapa, kwa hiyo aliyezoea pini za mviringo aje na adapta au anunue moja mjini siku ya kwanza, kwa maana simu iliyozima ni mgeni aliyepotea.

Malipo mengi, kuanzia duka kubwa hadi muuza madafu, hufanywa kwa M-Pesa, huduma ambayo Safaricom ilianza kuitoa mwaka 2007. Mwenye duka atakupa namba yake ya kulipia. Iingize taratibu, na kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye kioo kwa sauti ili mwenye duka aitikie kwamba ndilo lake. Ukituma kwa namba ya mtu asiyehusika, upeleke ujumbe ule ule wa muamala kwa namba 456 mara moja, ukiomba urudishiwe. Kuna walaghai pia ambao hukutumia ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kupokea pesa, kisha wakakupigia kwa sauti ya huzuni wakisema wamekosea na wanaomba uwarudishie. Usirudishe chochote kabla hujaangalia salio lako mwenyewe.

Kwa fedha taslimu, noti zetu ni za shilingi 50, 100, 200, 500 na 1,000. Aliyewekewa akiba na jamaa zake tangu zamani aangalie noti za elfu moja za toleo la awali: zilikoma kutumika mwishoni mwa Septemba 2019, na muuzaji ye yote atazikataa. Na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi beba kikapu au mfuko wa kitambaa.

Adabu ya kupiga simu ni ile ile ya kubisha hodi. Mpe salamu unayempigia, jitambulishe kwa jina, mtaje aliyekupa namba yake, kisha muulize kama ana nafasi ya kuzungumza. Usianze na «Uko wapi?» kwa mtu usiyemjua, kwani ni swali la mtu na mwenziwe. Epuka kupiga wakati wa swala, hasa ya Ijumaa, na baada ya saa tatu usiku usipige ila kwa jambo lisiloweza kulala.

Hatua ya tatu: salamu, na hapa usifanye haraka

Katika miji mingine salamu ni mlango wa kupita upesi kuyaendea mazungumzo. Mombasa salamu ni sehemu ya shughuli yenyewe, kwa maana mwenye duka au afisa anakupima katika dakika hiyo moja: una haraka gani, umelelewa vipi, na kama leo likiharibika jambo, utamjia kwa maneno au kwa makelele. Ukiingia mahali palipo na watu, toa salamu kwa wote kwanza, ndipo umgeukie unayemtaka. «Salaam aleikum» huitikiwa na kila mtu, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. «Sabalkheri» ni ya asubuhi na «masalkheri» ni ya jioni, na wazee huzipenda sana salamu hizi. Mtanzania ataona kwamba «shikamoo» haisikiki hapa mara nyingi kama kwao. Watoto huwaamkia nayo wakubwa wao, lakini baina ya watu wazima salaam hutumika zaidi. Kijana asipokwambia shikamoo usidhani amekuvunjia heshima. Wewe, hata hivyo, ukimwambia mzee «shikamoo» atakuitikia «marahaba» kwa furaha.

Baada ya salamu hufuata kujuliana hali, nako kuna mipaka yake. Mwanamume humuuliza mwanamume mwenziwe, «Watu wa nyumbani hawajambo?» Hamuulizi, «Mkeo hajambo?» isipokuwa ni wa karibu sana. Mkono ni wa kulia, katika kusalimiana, kupokea pesa na kutoa karatasi. Kwa mtu wa jinsia nyingine usiunyooshe mkono wako kwanza. Mngojee, na akiuweka wake kifuani akakutabasamia, weka na wako kifuani. Hiyo ndiyo salamu kamili, wala hujakataliwa.

Kuhusu majina, mwanamke mzima ni Bi fulani, mwalimu wa chuo, yaani madrasa, ni Maalim, na mzee usiyemjua jina ni mzee wangu au ami. Vijana wa kiume huitana «yakhe», nawe ukiitwa hivyo ujue umekubaliwa. Kwa mkubwa usianze na «mambo» wala «vipi», na usimwite «wewe» kavu.

Lugha ni moja lakini maneno hayafanani yote. Ukitafuta kanga utauliziwa leso. Maandazi yenye iliki na nazi ni mahamri, nayo huliwa na mbaazi za nazi asubuhi. Umeme ni stima. Daladala ni matatu, na konda wake ni makanga. Katika mitaa ya Mji wa Kale utasikia Kimvita, ambamo njia ni ndia na njoo ni ndoo. Bibi akikuita mlangoni, «Ndoo hapa, mwanangu,» usiangaze macho kutafuta ndoo ya maji. Mtanzania naye aliyezoea kusikia «naomba chai» atashtuka kusikia «nipatie chai». Kwa sauti ya upole hilo si ukali.

Hatua ya nne: saa za kazi na mahali zinapokatika

Ofisi za serikali hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya chakula ni kati ya saa saba na saa nane. Nenda asubuhi. Anayefika saa sita u nusu huhesabiwa na watu wa alasiri. Benki nyingi hufunguliwa kati ya saa mbili u nusu na saa tatu asubuhi, hufungwa kati ya saa tisa na saa kumi, na Jumamosi hufanya kazi kwa saa chache za asubuhi tu. Soko la Kongowea huamka mapema kuliko mji, na bidhaa nzuri za jumla hupata wenyewe kabla jua halijakaa vizuri. Soko la Markiti pia ni la asubuhi. Jumapili maduka mengi ya katikati ya mji hayafunguliwi, ingawa maduka makubwa ya kujihudumia hufunguliwa.

Kwenye maduka ya Mji wa Kale na mitaa inayouzunguka, siku haiendi kwa saa ya ukutani peke yake. Inakwenda kwa adhana. Wenye maduka wengi hufunga baada ya adhuhuri, wakala, wakajinyoosha kidogo, wakarudi alasiri na kuuza mpaka magharibi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hizi hazibadiliki sana: jua hutua karibu na saa kumi na mbili u nusu jioni mwaka mzima, na tofauti haifiki saa nzima.

Ijumaa ndiyo siku ya kuipangia. Binamu yangu alikuja kutoka Tanga kununua leso za harusi katika mtaa wa Biashara, akafika saa sita u nusu na basi lake lilikuwa la saa tisa. Alikuta duka aliloelekezwa liko wazi, taa zinawaka, jora za vitambaa zimepangwa hadi darini, na stuli moja ya mbao imelazwa kwenye kizingiti. Alitaka kuiruka aingie, aite mwenyewe. Mzee muuza kahawa aliyekuwa ameketi kando na dele lake la shaba akamzuia kwa mkono: «Ile stuli ni kufuli, mwanangu. Keti.» Akaketi, akanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu. Baada ya swala mwenye duka alirudi na kanzu yake akinukia udi, akaiondoa stuli, akamsalimu, akamuuliza habari za Tanga na za mvua za huko, na kwa nusu saa akamfungulia kila alichotaka. Leso alizipata na basi alilipata. Lakini kama angeiruka ile stuli, nina hakika angeuziwa kwa bei nyingine, au asiuziwe kabisa.

Basi Ijumaa usiweke miadi kati ya saa sita na saa nane mchana. Na katika mwezi wa Ramadhani, mji hugeuka: mikahawa mingi hufungwa mchana, ofisi huchangamka asubuhi na kulegea alasiri, kisha baada ya futari barabara hujaa watu mpaka usiku wa manane. Aliyeishiwa nguvu kwa njaa au asiyefunga ale ndani, wala asitembee barabarani akitafuna. Angalia pia siku kuu za taifa: 1 Mei, 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba ofisi zote hufungwa, na Idd-ul-Fitr hungoja mwezi uandame, hivyo tarehe yake hujulikana kwa hakika usiku wa mwisho.

Jambo moja huvunja ratiba zote nalo ni maziko. Hapa maiti huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, na mtu uliyekuwa na miadi naye atakwambia kwa maneno mawili, «Nina maziko.» Usimuulize kama anaweza kukupitia kwanza. Mpe pole, sema «makiwa», na kama mnajuana hata kidogo, fuatana naye.

Hatua ya tano: ahadi, na maana ya inshallah

Wageni wengi hulalamika kwamba wameambiwa «inshallah» na jambo halikufanyika. Neno hili halimaanishi hapana. Mcha Mungu hulitaja katika kila jambo la kesho, hata lile ambalo ameazimia kulifanya kwa vyovyote. Sikiliza linalokuja pamoja nalo. Ukiambiwa, «Inshallah, kesho saa tatu asubuhi nitakuwa dukani,» umepewa ahadi ya kweli, na wewe ukichelewa utakuwa umeivunja wewe. Ukiambiwa, «Inshallah, tutaonana,» pasipo siku wala saa, hujaahidiwa kitu. Umeagwa kwa heshima, kwa kuwa Mswahili huona vibaya kumwambia mgeni hapana usoni. Uliza kwa upole: «Nije siku gani ili nisikusumbue?» Akikupa siku, shika. Akirudia inshallah ile ile, tafuta njia nyingine bila kumlaumu.

Asubuhi ya siku ya miadi, mpigie au umwandikie kumkumbusha. Kama unatoka Likoni au kusini ya huko, ongeza saa nzima kwa ajili ya kivuko, hasa asubuhi na jioni. Waendao kwa miguu hawalipi, ila foleni haina mwenyewe. Ukiwa juu ya feri usipige picha, kwani ni marufuku, na picha za bandari na kambi za askari ni hivyo hivyo. Nauli ya tuktuk mkubaliane kabla hujapanda.

Hatua ya sita: ukialikwa nyumbani

Usiende mikono mitupu. Matunda, halua au sukari na majani ya chai vinatosha. Ukitaka kumpelekea mama mwenye nyumba leso, ifungue dukani ulisome jina lake, yaani maandishi yaliyochapwa juu yake, lote kabla hujalipa. Wageni wengi huchagua rangi na maua, wakasahau kwamba leso inasema. Ziko zinazomwombea mama baraka, na ziko zilizoandikwa kwa ajili ya jirani mwenye wivu au mke mwenza, na hiyo ya pili ukiitoa kama zawadi umetupa kijembe ambacho kitazungumzwa mtaani mwezi mzima. Mwombe mwenye duka akuchagulie ya heri, naye atafurahi kuulizwa.

Mlangoni piga hodi, na usimame kando, usielekeze macho ndani. Ukiulizwa «Nani?» usijibu «Mimi», taja jina lako. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, ondoka. Mwanamume akiambiwa kwamba mwenye nyumba hayupo asiingie, hata akikaribishwa kwa ajili ya heshima. Aache ujumbe na aende zake. Viatu vivuliwe mlangoni. Ukipita ukawakuta watu wanakula, mmoja atakwambia «Bismillahi» au «Karibu», maana yake keti ule nasi. Kama huna nafasi jibu, «Ahsante, starehe.» Neno hilo la starehe hutumika pia watu wanapotaka kukuinukia na wewe hutaki wasumbuke. Ukila, ule kwa mkono wa kulia na ule unaokuelekea katika sinia. Usivuke katikati kutafuta nyama.

Mwishowe, usiondoke ghafla. Mtu huomba ruhusa: «Niruhusuni niende.» Utaambiwa bado mapema, utaongezewa chai, na ruhusa huja baada ya kuiomba mara ya pili au ya tatu, kwa hiyo anza kuaga nusu saa kabla ya wakati unaotaka kuondoka. Mwenyeji atakusindikiza hadi barabarani, huenda hadi upate gari. Atakwambia umpigie ukifika. Mpigie usiku ule ule, hata ikiwa umefika Tanga au Dar es Salaam umechoka, kwa sababu hatalala mpaka asikie sauti yako.